Mwaka wa Kutozikana

Mimi ni mwosha maiti wa Mlandege. Naosha wanawake, na kazi hii nimeifanya miaka ishirini na mbili. Mwaka siuhesabu kwa kalenda ya ukutani, nauhesabu kwa waliopita mikononi mwangu. Mwaka wa kawaida huwa thelathini, wakizidi wakipungua. Mwaka jana, mwaka wa uchaguzi, walikuwa tisa. Msidhani watu waliacha kufa.

Hapa kwetu Unguja ukitaka kumwambia mtu kuwa udugu umekwisha, humwambii kuwa humpendi. Unamwambia, "Mimi na wewe hatuzikani." Kila baada ya miaka mitano neno hilo hutolewa kabatini, likapigwa pasi, likavaliwa. Mwaka jana lilivaliwa mapema, tangu watu wanajiandikisha. Duka la Jecha likawa la chama, na sukari yake ikawa ya chama. Harusi ya jirani yangu ilihudhuriwa na nusu ya mtaa, pilau iliyobaki wakapewa mbuzi. Hata paka wa Mlandege nadhani walikuwa na kadi.

Maiti haoshwi na mtu mmoja. Mmoja anaosha, mwingine anamwaga maji na kuangalia nguo ya sitara isiteleze. Mwenzangu alikuwa Rahila. Alikuwa mpole wa kuudhi, na mkono wake ulijua lini nataka maji kabla sijafungua mdomo. Yeye alikuwa chama kile, mimi hiki, tangu vyama vingi vilipoingia, na hatukupata kugombana kwa hilo. Tulikuwa na msemo wetu wawili: maiti hana kadi.

Mwezi wa Ramadhani akafariki Bi Tahiya, mama wa mkubwa mmoja wa chama cha kina Rahila. Walimwita Rahila, wakamwambia mimi mwenzake nisije. Na Rahila akenda. Habari niliipata sokoni Darajani, kwa muuza ndimu, mbele ya watu. Niliumia, sisemi uongo. Niliumia kama mke anayeambiwa barabarani kuwa mumewe kaoa.

Kesho yake nikakutana naye pale pale.

"Shoga yangu, n'sikilize," alisema Rahila. "Maiti alikuwa kalala tangu alfajiri. Nngekataa, nani angemwosha?"

"Wallahi, wabillahi, watallahi," nilisema, na sauti nikaipandisha makusudi, "sikanyagi pahala ulipo, Rahila, uwe hai uwe maiti!"

Muuza ndimu aliacha kupima. Rahila alinishika mkono, nikauvuta.

"Kiapo hicho kibaya, Riyama. Kitolee kafara."

"N'shasema."

Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani anajua: kiapo ukikivunja, unalisha masikini kumi, ukishindwa unafunga siku tatu. Anajua pia kuwa aliyeapa kuacha jambo la kheri, bora akivunje. Na mimi nilijua. Elimu sikuikosa, nilikosa kujishusha.

Miezi ikapita. Nikamchukua Wanu, binti wa ndugu yangu, awe anamwaga maji, naye akimwaga kama anamwagilia mchicha. Watu wa chama kile hawakuniita tena, na watu wa chama changu hawakumwita Rahila. Baadaye nikasikia anaumwa figo, amehamia Bububu kwa binti yake, Bashira. Nilinunua machungwa nimpelekee. Yakaoza juu ya meza.

Wiki ya kupiga kura mtandao ukazimika. Milango ilifungwa mchana, na wenye jamaa Bara wakawa wanapiga simu kutwa kuuliza nani yuko na nani hayupo. Mtaa mzima ulisema kwa kunong'ona. Niliogopa, na katika hofu ile niliyemtaka ni Rahila, maana yeye ndiye niliyezoea kukaa naye penye kifo.

Ijumaa asubuhi Bashira akasimama mlangoni kwangu. Hakuniamkia. Macho yalikuwa mekundu, na kanga aliyojitanda ilikuwa ya kampeni, ya chama chao.

"Mama kafariki," alisema. "Kasema umwoshe wewe."

Ningelia pale pale. Lakini niliitazama ile kanga, nikaitafuta Shikamoo yangu nisiione, na mdomo ukanitangulia.

"Nendeni mkatafute mwosha wa chama chenu."

Bashira alinitazama kidogo tu. "Haya," alisema, akageuka.

Nilikaa kitandani na mkoba wangu wa kazi mapajani, wenye kafuri na majani ya mkunazi. Nikajiambia, walimwita yeye peke yake, sasa wamejua thamani yangu. Nikajiambia, nina kiapo. Adhuhuri ikaadhiniwa, watu wakenda Ijumaa wakarudi. Nilipoinuka ilikuwa karibu na alasiri, na gari za Bububu zilikuwa za kubahatisha.

Nilifika jeneza linatoka getini. Wanaume walinipita wakileta kalima, nami nikajibanza ukutani. Nilipotia mguu uani, Rahila alikuwa keshatoka. Niliapa kuwa sikanyagi pahala alipo, akiwa hai akiwa maiti, na ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno. Kiapo ukikivunja kina kafara. Ukikitimiza hakina.

Bashira alinipita na beseni tupu. Nilimtolea salamu, hakuitikia, na sikumlaumu.

Siku chache baadaye mtandao ukarudi. Simu yangu ililia mfululizo: dua, vichekesho vya kampeni, picha nisizotaka kuziona. Katikati yake palikuwa na ujumbe wa sauti wa Rahila, wa Jumatano ile ya kura. Sauti ilikuwa imechoka, ikipumzika kila baada ya maneno mawili matatu.

"Riyama, mie nakujua. Hutokuja mpaka kiapo kitoke. Basi n'shakutolea kafara mwenyewe. Jana Bashira kan'pikia wali na mchuzi wa samaki, hajui sadaka ya nini, tukalisha masikini kumi wa hapa jirani. N'liwahesabu kwa kidole, nimelala. Shekhe akisema kafara haikubaliki mpaka wewe uridhie, basi ridhia, usinitie hasara. Huna kiapo tena, shoga yangu. Nikifa unioshe wewe. Maji atamwaga Bashira, n'shamfundisha. Njoo. Mdomo wako uwache huko Mlandege, njoo na mikono tu."

"Nimeridhia," niliiambia simu. Nikarudia mara tatu, kama bibi harusi anayeulizwa.

Nikavaa baibui nikaenda Bububu. Bashira alikuwa uani anaanika shuka. Safari hii nilimwamkia mimi kwanza, na utu uzima wangu, nikampa simu asikilize. Alisikiliza yote, akarudisha pale pa masikini kumi, akasikiliza tena. Kisha akakaa chini juu ya simenti.

Nilikaa karibu yake. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kwanza palikuwa na jambo la kazi ambalo lilikuwa likinitesa tangu Ijumaa.

"Nani aliyemwosha mama?" nilimuuliza.

"Mimi."

"Na maji alimwaga nani?"

"N'lipiga hodi nyumba nne, Bi Riyama. Wengine waliogopa kutoka, wengine waliniambia kama ulivyon'ambia wewe." Alinirudishia simu yangu. "Maji n'limwaga mimi."