Beryl Aliyeendesha kwa Mdomo

Tangu aolewe, Beryl Thackray alikuwa mtu wa maneno machache. Halafu, miaka miwili iliyopita, akaanza kuongea ndani ya gari. Nyumbani alibaki yuleyule, kimya na sindano zake za kufumia, lakini akishafunga mkanda tu, mdomo unafunguka. "Ona lile lori, Clive, linajikokota kama lina mimba." "Taa nyekundu tena! Sisi tuna mkosi gani?" "Yule wa baiskeli naye, kajiweka katikati ya barabara kama kainunua." Jirani mmoja aliyepewa lifti kwenda sokoni alirudi akisema kwamba uzee wa Bibi Thackray umeanzia mdomoni.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Clive, mumewe, alikuwa haoni. Hakuwa kipofu wa kushikwa mkono. Pembeni aliona, aliweza kujimiminia chai na kutembea hadi dukani bila kumkanyaga mtu. Ila katikati, pale hasa mtu anapoelekeza macho, palikuwa na doa la kijivu, na doa lilikuwa linakua. Daktari wa macho alimwambia kwa upole kwamba gari sasa basi, na kwamba ni wajibu wake kutoa taarifa mwenyewe kwa ofisi ya leseni. Clive alimshukuru, akatoka, akakaa kwenye usukani pale maegesho, akalia. Mtu aliyeendesha mabasi ya abiria maisha yake yote bila kugonga hata kuku! Beryl hakuwahi kumwona akilia, hata siku walipomzika mama yake. Akamshika goti, akamwahidi kwamba hakuna atakayejua, hata Lorna binti yao. Yeye mwenyewe hakuwahi kujifunza kuendesha, lakini macho alikuwa nayo.

Ahadi ile ilikuwa ya safari za sokoni na kanisani, wazee wawili na mfuko wa viazi. Wakifa, wamekufa wao. Ndivyo Beryl alivyojiambia, na alijua kwamba si kweli, maana barabara haina watu wawili tu. Lakini mtu anayempenda mtu hujidanganya kwa bei rahisi.

Agosti hii Lorna alikuja kutoka Leicester na mwanawe Martha, mtoto wa miaka sita mwenye mapengo mawili mbele. Gari lake lilikuwa gereji, akaja kwa treni. Usiku wa kwanza tu mtoto akaulizia bahari, na kabla Beryl hajameza tonge, Clive akadakia: "Kesho nawapeleka Whitby! Tutakula samaki, tutapanda punda, tutarudi tumeungua pua kwa jua."

"Kuna basi la ghorofa," alisema Beryl. "Mtoto atafurahia kukaa ghorofani."

"Basi? Kukiwa na dereva ndani ya nyumba?" Clive aliuliza, na Lorna akacheka.

Basi Beryl hakulala. Asubuhi alitengeneza sandwichi ambazo hakuna aliyezihitaji, akaenda chooni mara tatu, mwisho akaingia garini, akafunga mkanda, akaanza kazi.

Barabara ya kutoka kwao Pickering hupanda juu kwenye mbuga zilizofunikwa maua ya zambarau, na kondoo wa huko hawajui kama magari yameshavumbuliwa. Beryl aliongea kilima baada ya kilima. Aliwatangaza kondoo mmoja mmoja. Alilalamikia gari la kijani linalokuja, msafara wa pikipiki, tela la farasi lililopunguza mwendo mbele yao. Koo lilimkauka.

"Mama, siku hizi umekuwa redio," Lorna alimtania kutoka nyuma. "Hata matangazo ya biashara hamna?"

"Mwache mama yako," alisema Clive. "Ananichangamsha."

Walipofika kwenye kona ya juu, kabla barabara haijaporomoka kuelekea mjini, Clive alipaza sauti: "Bahari ile! Nimewashinda!" Ulikuwa mchezo wa familia hiyo tangu Lorna akiwa mdogo: wa kwanza kuiona bahari anunuliwe aiskrimu. Martha akarefusha shingo, akalalamika kwamba Babu amemwibia, kwamba yeye alikuwa ndiyo kwanza anataka kusema.

Ili kumbembeleza, kwenye kijiji cha chini ya mlima, Beryl aliinamia mkoba kumtafutia peremende. Alipapasa miwani, leso, funguo za nyumba. Hazikupita hata pumzi tano. Alipoinua kichwa, mwanamke alikuwa katikati ya kivuko cha zebra anasukuma kigari cha mtoto, na gari lao halikuwa limepunguza mwendo.

"Clive, simama!"

Gari lilisimama kwa kishindo, mikanda ikawabana. Yule mwanamke akaruka nyuma, akaduwaa, halafu akainua mkono kushukuru, akavuka. Alishukuru! Beryl alitaka kushuka amkimbilie, ampigie magoti katikati ya barabara.

"Breki zako ziko safi, Baba," alisema Lorna, ambaye alikuwa anaokota mdoli wa Martha na hakuona kitu.

"Nilimwona tangu mbali," alisema Clive.

Beryl alimtazama. Alisema hivyo bila kutetemeka, kama mtu anayeamini. Hapo ndipo hofu ilipomwingia Beryl mifupani, si hofu ya ajali tena, bali ya mume anayeuamini uongo wake.

Mkahawa wa samaki ulijaa kama kawaida ya Agosti, watu wamepanga foleni hadi kwenye ngazi, vioo vimepata jasho, na harufu ya siki inamsubiri mtu mlangoni. Walipata meza ya dirishani. Mhudumu, msichana wa nywele nyekundu aliyemwita kila mteja mpenzi, awe kikongwe awe kitoto, aligawa karatasi za vyakula. Clive hakuigusa yake.

"Mimi sihitaji karatasi, binti. Nimekula hapa kabla hujazaliwa. Samaki aina ya hadoki watatu na mdogo mmoja wa mtoto, chipsi, njegere za kuponda, mkate na siagi, na chai birika kubwa."

"Umepatia, mpenzi," alisema msichana, akaondoka.

Samaki walikuja wanafuka moshi, mikia imening'inia nje ya sahani. Martha aliweka chumvi mpaka akanyang'anywa. Clive alikuwa amependeza siku hiyo, uso mwekundu, tai shingoni, anasimulia abiria wa zamani walivyokuwa wakisahau bata na meno ya bandia ndani ya basi. Lorna alimsikiliza kwa macho ya mtoto. Halafu akaweka uma chini.

"Nina habari," alisema. "Tunarudi nyumbani. Nimepata kazi hospitalini Malton, naanza Septemba. Martha nimemwandikisha shule ya pale kijijini kwa shangazi Ruth."

"Lorna!" Beryl alifurahi, na furaha ilikuwa ya kweli.

"Ila zamu yangu inaanza alfajiri. Kwa hiyo nilikuwa nafikiri... Baba, ungeweza kumpeleka shule? Kila asubuhi? Ni maili sita tu. Nilipokuangalia leo pale mlimani, nikasema, hakuna mtu mwingine ningemwamini na mtoto wangu."

Clive alifuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja, akakikunjua. Tangu astaafu hakuna aliyewahi kumhitaji mahali popote saa yoyote. "Kila asubuhi," alisema. "Nitakuwa mlangoni kabla jogoo hajakohoa."

"Nitakwenda nao," Beryl aliwahi kusema. "Nitakaa mbele, nitapata hewa."

"Mama, na goti lako hilo? Kwenye baridi ya Januari? Pumzika."

"Nitakwenda nao tu."

"Beryl, acha mambo yako," Clive alisema, akicheka. "Mimi na Martha tunatosha. Sihitaji mtu wa kunishika mkono."

Beryl alimwangalia mjukuu wake. Mtoto alikuwa anazamisha chipsi moja moja kwenye njegere, anaimba kwa pumzi, anahesabu siku za shule labda. Kumwahidi mume ni jambo kubwa. Beryl alikuwa ameibeba ahadi ile kama yai, na sasa aliona kwamba mume aliyekuwa anamlinda na mtoto aliyekuwa anamhatarisha wamekaa meza moja, na hawezi kuwashika wote.

"Clive haoni," alisema.

Alisema taratibu, lakini kuna maneno hayahitaji kelele. Meza ya jirani waliinamia sahani zao kwa bidii, kama watu walioambiwa wahesabu miiba.

"Haoni nini?" aliuliza Lorna.

"Haoni barabara. Hasomi. Daktari alimkataza kuendesha mwaka juzi. Ninayemwambia taa na magari ni mimi. Yale maneno yangu yote, Lorna, hayakuwa maneno."

Clive alicheka tena, cheko fupi bovu. "Mama yako amechoka. Jua limempiga."

"Baba?"

"Nimesema amechoka!"

Martha aliinua uso wenye njegere kidevuni. Alikuwa amekasirika kwa niaba ya babu yake. "Babu anaona," alisema. "Aliiona bahari kabla ya mimi. Kabla ya watu wote."

Clive aligeuza kichwa upande wa ile sauti. Kwa mtu mzima angepigana mpaka jioni. Kwa huyu alishindwa.

"Sikuiona, mwanangu," alisema. "Ninajua tu mahali ilipo."

Alisimama, akavaa kofia, akapita kati ya meza bila kugusa kiti hata kimoja, akateremka ngazi. Samaki wake alibaki nusu.

Lorna alikuwa amebadilika rangi. "Tangu mwaka juzi," alisema. "Na leo ukampandisha Martha."

"Ndiyo."

"Ukijua."

"Nikijua."

"Pale kijijini, alipofunga breki. Kulikuwa na nini?"

Beryl angeweza kusema kondoo. Uongo ulimjia mwepesi, tayari umevaa viatu. "Mama na kigari cha mtoto," alisema. "Nilichelewa kumwona. Nilikuwa natafuta peremende."

"*Wewe* ulichelewa kumwona," Lorna alirudia. Alimvuta Martha karibu, akaanza kumfuta kidevu, akafuta na pale palipokwisha kuwa safi. "Nenda kwa Baba. Mimi siwezi kukutazama sasa hivi, Mama. Nenda tu."

Beryl alichukua mkoba wake, akaenda.

Alimkuta juu ya bandari, ameshika uzio wa chuma, upepo unaitupa tai yake begani. Chini, watoto walikuwa wananing'iniza kamba za kuvulia kaa, na ndege mmoja wa pwani, shakwe, alikuwa anamfukuza mzee mmoja kwa ajili ya chipsi zake. Beryl alisimama pembeni yake. Hakumgusa.

"Uliniahidi," alisema Clive.

"Niliahidi. Nimevunja, na ningeivunja tena."

"Mbele ya watu. Mbele ya yule mtoto."

"Ulisema hunihitaji, Clive. Ulisema ulimwona yule mama tangu mbali."

Clive alipoongea hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Sikumwona kabisa. Simwoni mtu yeyote, Beryl. Wewe uso wako umeniondokea tangu Pasaka."

Beryl alidhani hakumsikia vizuri. Yeye ndiye aliyejua yote. Ndiye aliyelipima lile doa, akalifuata kila siku, akajua limefika wapi. Asubuhi ngapi alikuwa amemtabasamia ng'ambo ya meza ya chai, naye akatabasamu pia!

"Lakini unanitazama," alisema.

"Ninatazama sauti inakotoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenizuia kuendesha."

"Ningekuzuia."

"Basi, ndiyo hivyo."

Alilia Beryl, bila kujificha, wala hakuwa na haja ya kujificha. Alililia macho ya mumewe, na yule mwanamke aliyeinua mkono kushukuru, na asubuhi zote tangu Pasaka. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wao walikuwa wameficha wakaita mapenzi. Yalikuwa mapenzi kweli. Hilo ndilo lililomuuma.

Lorna alikuja amemshika Martha mkono. Macho yalikuwa yamevimba. Alisimama hatua chache kutoka kwao, upande wa mama yake, hakumsalimu.

"Nitaendesha mimi kurudi," alisema. "Na kesho tunapiga simu, Baba. Mimi na wewe. Tunawaambia watu wa leseni."

Shakwe walipiga kelele, upepo ukayachukua maneno yake, ukayatupa pembeni. Clive aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo. Alizishika kidogo kiganjani. Kisha akanyoosha mkono, wima na imara kama anavyofanya mtu asiyetaka kuonewa huruma, akazitoa kwa binti yake. Ila alizitoa upande wa kushoto, kwenye uzio mtupu, ambako hapakuwa na mtu.

Beryl alifungua mdomo amwelekeze. Lorna akamwashiria kwa kichwa, hapana. Akamwachia Martha mkono, akawazunguka wazazi wake polepole bila kutoa sauti, akaenda kusimama pale mkono ulipokuwa umeelekea, akazipokea.

"Ahsante, Baba," alisema.