Kasuku wa Amayi Gertrude

Rosalie alikwenda Lilongwe kununua kitambaa cha sare za kwaya, akarudi kambini Dzaleka na kasuku.

Kitambaa alikipata mapema. Alikuwa ameshafika kituo cha mabasi cha Old Town, anatafuta minibasi ya kurudi upande wa Dowa, alipoona watu wamejazana chini ya nguzo ya umeme, shingo zote juu. Kwenye waya alikuwa ametua ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Vijana walikuwa wakimrushia vibunzi vya mahindi, wakicheka kila walipomkosa. Kisha mmoja akaokota jiwe. Lilimpata bawani, na ndege akaanguka huku akipigapiga mbawa, moja kwa moja juu ya furushi la Rosalie. Akalikamata kwa kucha zote, akalia kama mtoto mchanga.

Kifuani hakuwa na unyoya hata mmoja. Ngozi ilikuwa tupu, ya waridi, imejaa vidonda vidogo.

"Mama, niuzie huyo!" mtu alipaza sauti. Mwingine akanyoosha mkono amkamate.

"Kwani ni wangu hata nimuuze?" Rosalie alijibu, akamfunika kwa kitenge chake na kumkumbatia.

Kwao Uvira aliwahi kuwaona ndege wa namna hii, wakiletwa na watu kutoka misituni. Alijua hakuna aliyefika Malawi kwa mbawa zake mwenyewe. Huyu alikuwa na mwenyewe mahali fulani mjini. Kabla ya kupanda gari alirudi kwa muuza nyuzi aliyemzoea, akamwachia namba yake ya simu. "Mtu akija kuuliza kasuku, mwambie yuko salama kwangu."

Mumewe, Lwaboshi, alikuwa kibarazani anashona. Zamani walikuwa na duka la ushonaji mjini, mtaa wa Chinsapo, mpaka wakimbizi waliporudishwa kambini; sasa cherehani zao mbili zilikaa mlangoni pa nyumba. Kitenge kilipofunguliwa, mguu wake ulisimama juu ya pedali.

"Mama Arlène," alisema. Ndivyo alivyomwita mkewe, kwa jina la binti yao aliyeolewa. "Si ulienda kuleta kitambaa?"

"Kitambaa iko. Na huyu naye iko. Bantu balikuwa banamupiga majiwe, mi ningefanya nini?"

"Na Kapita atasema nini?"

Kapita, yaani msimamizi, alikuwa jogoo wao. Mwaka uliotangulia mbwa waliingia bandani wakaua kuku wote, yeye pekee akaokoka na jeraha la shingo. Jeraha lilipona, lakini tangu siku ile hakuwika tena. Alikuwa akishinda nyuma ya nyumba, amejikunyata ukutani, na usiku alilala jikoni kwa sababu banda hakulitaka. Majirani walisema mara nyingi kwamba jogoo asiyewika mahali pake ni chunguni. Rosalie hakuwasikiliza.

Kapita alimwona mgeni kesho yake asubuhi. Alivimbisha manyoya ya shingo, akainamisha kichwa, akamwendea. Kasuku alikuwa juu ya kiti. Alimtazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili, halafu akateremka polepole kwa mdomo na miguu, akamshika kishungi na kukivuta. Jogoo alipiga kelele akakimbilia chini ya meza.

"Vita imeanza," Lwaboshi alisema.

Kwa siku kadhaa hawakuaminiana. Kasuku alikataa chakula, akawa anajing'oa manyoya machache yaliyobaki. Rosalie alimwekea karanga, akamwekea ndizi, hakugusa. Siku moja Kapita alisogelea lile bakuli na kuanza kudonoa. Kasuku akaona chakula chake kinaisha. Alishuka, akachukua karanga moja, akaibandua ganda mbele ya jogoo bila haraka, akaila. Tangu hapo wakala pamoja, wakigombana kidogo.

Alipopata nguvu na bawa likapona, akaanza kusema. "Odi! Odi!" alibisha hodi kwa Kichewa, kwa sauti nzito ya mwanamume, na Lwaboshi akaacha kazi kwenda kufungua mlango ambao ulikuwa wazi. Rosalie alicheka mpaka akaketi chini.

Jirani yao Épitace, Mrundi mmoja mwenye maneno mengi, alikuwa na jogoo aliyewika kila alfajiri. Kasuku alimsikiliza kwa majuma. Asubuhi moja, Rosalie akiwa anawasha moto, sauti kubwa ya kuwika ikatoka jikoni mle mle. Alidhani ni Kapita. Lakini Kapita alikuwa amesimama wima, ameduwaa, anamtazama kasuku aliyekuwa juu ya mfuko wa unga. Kasuku akawika tena.

Hapo jogoo alishindwa kuvumilia. Akatoka hadi katikati ya ua, akapiga mbawa, akanyoosha ile shingo yenye kovu. Ilitoka sauti kama ya mlango wenye kutu. Akajaribu tena. Mara ya tatu aliwika, akawika kweli, mpaka jogoo wa Épitace akamjibu.

Lwaboshi alitoka mbio na povu la sabuni usoni. "Ni nani huyo?"

"Kapita! Njo yeye anawika!"

Épitace alichungulia juu ya ua. "Majirani, maiti wenu amefufuka?"

Wakacheka wote watatu, na Rosalie akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Mwezi haukuisha tangu Kapita awike, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee wa Area 23, Lilongwe, Amayi Gertrude. Muuza nyuzi ndiye aliyempa namba. Siku hiyo Rosalie hakushona vizuri. "Mwenye mali amepatikana," alimwambia mumewe, "tumushukuru Mungu." Lakini hakuwa anatabasamu.

Amayi Gertrude alikuja Jumamosi, juu ya kabaza, baiskeli ya kukodi, kutoka barabara kuu, akishikilia kiti kwa mikono yote miwili. Walizungumza Kichewa, ambacho Rosalie alijifunza miaka ile ya Chinsapo.

"Alikuwa wa mume wangu," mama alieleza. "Mume wangu alikuwa dereva wa lori, alipewa na rafiki yake Lubumbashi. Tangu mume wangu afariki, ndege hakusema neno, akawa anajinyonyoa. Nilifungua dirisha apate jua, akaondoka."

"Anaitwa nani?"

"Sajeni."

"Sajeni na Kapita!" Lwaboshi alipiga makofi. "Sasa tuko na serikali nzima!"

Kasuku alikuwa uani, juu ya mgongo wa Kapita, amefumba jicho moja. Kifuani manyoya mapya ya kijivu yalikuwa yameanza kufunika ngozi. Alipomwona mama alipaa hadi begani kwake, akasema, "Odi!" Amayi Gertrude akafunika mdomo kwa kiganja. Ilikuwa sauti ya marehemu mumewe.

Alikaa naye muda mrefu, akimkuna kichwa. Kisha Kapita akaita kutoka uani, na Sajeni akaruka kwenda kwake.

"Kwangu tuko wawili tu, na sote tulikuwa tunalia," Amayi Gertrude alisema. "Mwacheni akae."

"Una hakika, Amayi?" Rosalie aliuliza.

"Nina hakika. Ila mniruhusu nije kumwona."

Rosalie alikuwa ameshainuka kwenda kusonga nsima, ugali wa huko. "Kwenda kumwona mtoto wako kunaombewa ruhusa?" alisema. "Nawa mikono, Amayi. Samaki wameiva."