Shati la Kaka Kwenye Kamba

Mimi ni dobi, jua ndilo linalonilisha, lakini mwisho wa kiangazi siupendi hata kidogo. Wakati huo kila upande una mambo yake. Kwetu joto limekaza, hakuna hata wingu la kusingizia. Nyanda za juu ukungu umeshaanza kushuka asubuhi. Kule ziwani radi hupiga kila alasiri, na bondeni ni vumbi tupu. Na kamba yangu ya kuanikia, hapa uani, hupata habari za pande zote hizo.

Msinicheke. Nililigundua hilo kwa gauni la mwalimu mmoja, mteja wetu, aliyeliacha kwangu akaenda kwa wazazi wake nyanda za juu. Nguo zote zilikauka, gauni lake likabaki na unyevunyevu na baridi, kama limetolewa kwenye jokofu. Halafu ikaja suruali ya dereva wa lori anayepeleka mizigo ziwani. Kila alasiri ililowa chapachapa, na nguo za pembeni yake zinapepea. Siku moja nikampigia simu. Akasema mvua bado, mawingu ndiyo kwanza yanajikusanya. Kabla hatujaagana nikaisikia ikipiga bati. Nikajua kwamba nguo humtangulia mwenyewe kidogo.

Mama sikumwambia. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, na kwake nguo ni nguo. Akikuta kitu kinadondosha maji kwenye kamba, ananisema siku nzima kwamba nina mikono mivivu.

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Wanajenga daraja bondeni, na kambi yao waliipiga ndani ya mto wenyewe, kwa kuwa ulikuwa umekauka na mchanga wake ni laini kulalia. Tunamwita Kobe, tangu utotoni haharakishwi na mtu. Ndiye mtoto wa kiume pekee wa Mama, na ukimgusa huyo umemgusa Mama mboni ya jicho.

Juzi mchana, jua la utosi, shati lake la buluu aliloniachia, lililokauka tangu asubuhi, lilianza kudondosha. Nikakinga kiganja. Maji yalikuwa mazito, mekundu kwa udongo, yana mchanga. Bondeni hakuna udongo mwekundu, udongo huo ni wa milimani. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na maji yake yalikuwa njiani.

Nikampigia. "Kobe, toka mtoni."

"Mto upi, mdogo wangu? Hapa hata mate ya kumeza hakuna. Anga nyeupe pee."

"Toka na wenzako. Sasa hivi."

"Acha nimalize kula kwanza."

"Kalie kaburini kwako, basi!" nikamfokea, kisha nikaanza kulia. Nadhani kilio ndicho kilichomshtua, maana mimi silii ovyo. Nikamsikia akiwaita wenzake, wenzake wakimzomea, kisha akihema kupanda ukingo.

"Haya, tumepanda sote. Umefurahi? Watu wananicheka huku, wanasema nina dada..."

Hakumaliza. Mngurumo ulijaa kwenye simu, ukanifanya niisogeze mbali na sikio. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, kamba nimeipa mgongo, nikiita jina lake kwa sauti ambayo sijui hata kama ilitoka.

Kisha akarudi. "Yamebeba kila kitu. Mahema, mitambo, hata viatu vyangu. Lakini tuko wote, mdogo wangu. Tuko wote huku juu." Akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayetetemeka. Sijawahi kumpenda kaka yangu kama dakika ile. "Hebu niambie, umejuaje?"

Nikawa natafuta pa kuanzia. Nyuma yangu Mama alikuwa ametoka nje.

"We mtoto, shati la mwenzio linachuruzika hivi, na wewe umekaa na simu? Ndivyo nilivyokufundisha?"

Nikasikia vibanio vikifyatuliwa. Kwenye simu Kobe alikuwa anasema kwamba kesho anarudi nyumbani, na kwamba kuanzia leo nikimwambia neno hata... Akanyamaza hapo hapo. Ikafuata sauti nyembamba, ya pumzi inayobanwa mpaka iishe. Mtu mmoja upande wa pili akapiga kelele: "Fundi! Fundi, una nini?"

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama juani, shati amelisokota kwa mikono yote miwili, uso ameukaza kwa nguvu, maji mekundu yakimwagikia miguuni.

"Mama, acha!"

"Ngoja," akasema, akaongeza mzunguko mmoja. "Bado yamo."