Bwana Jiwe Jeupe

Nedra Holyoak alikuwa na vita na mawe. Kila Jumanne, theluji ikianguka au jua likichoma, aliingia Korongo la Birika na wastaafu wenzake wanne, amevaa kizibao cha kijani cha watu wa kujitolea, na popote alipokuta mawe yamepangwa moja juu ya jingine aliyapiga teke. Hifadhi ndivyo ilivyotaka. Wageni walipanga mawe wapige picha, wakaenda zao, na waliokuja nyuma wakayafuata wakidhani ndiyo njia, wakaishia kwenye ukingo wa mwamba wanalia. Nedra aliendesha basi la shule miaka thelathini, na watu wa kuacha vitu ovyo hakuwa na subira nao.

"Taratibu, Dada Nedra," Arvilla Bundy, mmoja wa wanne hao, alimwambia Jumanne hiyo ya Juni, akijipepea kwa kofia. "Mawe hayajakutukana hayo."

"Yamenitukana! Hebu tazama. Jeupe tena!"

Juu ya kirundo palikaa kijiwe cheupe, safi kama jino la mtoto. Tangu theluji ya Januari kuna mtu alikuwa akijenga virundo ndani ya Tawi la Punda, lile korongo jembamba la kushoto lenye vichochoro vingi kuliko sokoni. Virundo kumi na kimoja, daima mahali pale pale, kila kimoja na kijiwe cheupe kichwani. Nedra akivibomoa Jumanne hii, Jumanne ijayo anavikuta vimesimama. Theluji iliyeyuka, mipungate ikachanua, joto likaja, na mtu huyo hakuchoka. Wenyewe walikuwa wamempa jina: Bwana Jiwe Jeupe.

"Siku nikimtia mkononi," Nedra alisema, "nitamfunga kengele shingoni kama mbuzi."

"Labda anakupenda. Anakujengea, unambomolea. Mapenzi ya watoto wa darasa la pili hayo."

"Mume ninaye, asante."

Akapiga teke. Mawe yakaviringika, na kijiwe cheupe akakitupa mbali kwenye vichaka, maana alikuwa mtu wa kumaliza kazi.

Jioni ile alisimulia yote mezani, kama Jumanne zote, huku akimpakulia mumewe viazi vya jibini. Thayne alikuwa mrefu, mkimya, mpima ardhi mstaafu. Ramani ya kwanza ya Korongo la Birika ilichorwa kwa mkono wake, na ndiye aliyemfundisha Nedra kukanyaga mwamba bila kuteleza. Kundi la Jumanne hakulipenda. Alisema lina maneno mengi kuliko hatua. Yeye alitembea peke yake asubuhi za siku nyingine, kwenye njia tambarare ya mtoni, na saa mbili alikuwa amesharudi kula uji wake wa shayiri.

"Vyote umeangusha?" Thayne aliuliza.

"Vyote kumi na kimoja. Leo nimemkomesha."

"Na kile cha kwenye mti wa mreteni uliokufa?"

"Hicho ndicho nilichoanza nacho."

Thayne alicheka kidogo, akatazama uma wake. "Umefanya kazi," akasema, akaomba chumvi.

Nedra hakujiuliza mumewe amejuaje habari za mreteni. Pengine alishamsimulia. Alisimulia mengi.

Alhamisi asubuhi alikuwa jikoni akipika jamu ya aprikoti, hana hili wala lile. Saa mbili ikapita. Uji ukaganda. Saa tatu na nusu chungu kilikuwa kimechemka na Nedra hana vifuniko vya chupa vya kutosha, akaenda kuvitafuta kwenye banda la gari, rafu ya Thayne, anakoweka vitu asivyotaka vitupwe. Akavuta kopo la mapichi. Likamshinda uzito, likamponyoka, na sakafuni pakamwagika vijiwe vyeupe.

Alisimama akivitazama. Kisha akacheka, peke yake, kwa sauti.

"Wewe!" akaliambia banda tupu. "Mzee mshenzi wewe!"

Miezi mitano! Miezi mitano amekaa mezani akimsikiliza mkewe akimlaani Bwana Jiwe Jeupe, akitafuna, akiomba chumvi. Nedra alishaanza kupanga namna atakavyomwaibisha mbele ya Arvilla ndipo alipoona daftari dogo lililokuwa chini ya kopo. Akalifungua bado anacheka.

Ilikuwa ramani ya Tawi la Punda, kwa mwandiko ule ule ulionyooka wa mpima ardhi. Vituo kumi na kimoja. Kando ya kila kimoja paliandikwa maneno ambayo mtu humwandikia mtoto. *Mreteni uliokufa. Jiwe jeupe. Kulia. Mwamba wenye shimo. Jiwe jeupe. Kulia tena, si kushoto.* Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: *Pikapu ya bluu ni yangu. Ufunguo uko mfuko wa shati. Unaishi na Nedra.*

Kicheko kikakoma.

Akafunua upande wa pili. *Daktari amesema itazidi. Usimwambie N.*

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari mapajani, akisoma mstari ule mmoja, *Unaishi na Nedra*, mara ya tatu, mara ya nne, kana kwamba kwa kurudiarudia ungebadilika. Halafu wazo la pili likampiga, kubwa kuliko la kwanza, akaruka wima na ndoo ikaanguka. Leo Thayne hakwenda mtoni. Kumbe hakuwahi kwenda mtoni. Yuko ndani ya Tawi la Punda, Juni, jua linapanda, anatafuta vijiwe vyeupe vya kumrudisha nyumbani. Na vijiwe hivyo Nedra amevitupa vichakani kwa mkono wake.

Simu ya Thayne ilikuwa ukutani, inachaji. Nedra akapiga kwa yake.

"Mama Holyoak," alijibu Benally, askari wa hifadhi. "Habari za asubuhi?"

"Thayne hajarudi. Tangu alfajiri."

"Alikwenda njia ya mtoni, sivyo? Naanzia huko sasa hivi."

"Hapana, mwanangu. Tawi la Punda."

"Tawi la Punda? Kule hakuna alama hata moja."

"Zilikuwepo." Akalifunga daftari. "Zilikuwepo. Mimi ndiye niliyezibomoa."

"Niko upande wa juu wa korongo, nitachukua kama saa nzima kufika. Nisubiri kwenye lango, mama. Usiingie peke yako."

Nedra hakuingia peke yake. Aliingia na Arvilla, aliyekuja mbio na kandambili mguuni na viatu vya kutembelea mkononi. Pikapu ya bluu ilikuwa pale langoni, imeegeshwa vizuri, madirisha yamefungwa. Nedra alipoiona akajikuta anaipiga kofi ubavuni kama ng'ombe mkaidi.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Laiti ingekuwa hivyo! Safari hii alichimba yeye akatumbukia mwingine.

Walipita kwenye mreteni uliokufa. Mawe yalikuwa pale, yametawanyika kama alivyoyaacha. Kulia. Mwamba wenye shimo, mawe yametawanyika. Kulia tena, si kushoto. Nedra hakuhitaji daftari. Kila teke alilikumbuka, mahali lilipopigwa na jinsi alivyojisifu baada yake, na sasa mateke yake ndiyo yaliyokuwa ramani. Jua la asubuhi lilikuwa limeshateremka ukuta wa magharibi, mwamba mwekundu unatema joto, na hata mijusi ilikuwa imejificha. Aliita, "Thayne! Thayne!" Korongo likamrudishia jina lile, tena kwa sauti isiyo yake.

"Mungu wangu, Nedra," Arvilla alisema alipokwisha kuambiwa yote. "Na mimi nilikuwa nacheka."

"Nyamaza, Arvilla. Tembea."

Kwenye kituo cha saba palikuwa na mchanga, na juu ya mchanga nyayo za viatu vya Thayne. Zilikuwa nyingi. Zilikwenda mbele, zikarudi, zikazunguka mawe yaliyotawanyika mara mbili tatu, zikasimama. Pale zilipostahili kukata kulia zilikata kushoto, zikaingia kwenye kichochoro kisichotokea popote. Nedra alizitazama zile duara mchangani. Hapo ndipo alipoona, kama aliyesimamishwa mbele yake, mtu aliyechora ramani ya korongo lile akizunguka na kuzunguka, hajui aende wapi. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Rudi langoni," alimwambia Arvilla. "Mlete Benally na maji mengi. Mimi naingia huku."

"Tutajuaje ulipokata?"

Nedra akatazama chini. "Nitawawekea mawe."

Arvilla, mwanamke aliyekuwa na utani hata mazishini, alikaza kamba za viatu. Akageuka, akaenda.

Nedra alipiga magoti. Miaka sita alikuwa amebomoa mawe na hakuwahi hata siku moja kupanga mawili. Kirundo cha kwanza kikaanguka. Cha pili kikaanguka. Akajitukana, akaanza upya, na cha tatu kikasimama kimeinama upande kama mlevi. Akakiacha hivyo, akaingia kichochoroni.

Thayne alikuwa mwisho kabisa, chini ya mwamba uliojiinamia, kwenye kivuli chembamba kisichozidi upana wa kitanda. Chupa yake ilikuwa tupu. Midomo ilikuwa imepasuka, uso mwekundu, lakini macho yalikuwa wazi, na yalipomwona yakamjua.

"Nedra. Leo si Jumanne."

"Kunywa." Akamshikia chupa ya maji aliyokuja nayo. "Polepole. Kunywa, nimesema!"

Alikunywa. Nedra akamlowesha shingo, kichwa, kifua, huku analia na kumfokea kwa pamoja, maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho, hadi likatoka lile lililokuwa limemkaba. "Ni mimi, Thayne. Mawe yako. Ni mimi niliyeyabomoa."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Si ulikuwa ukinisimulia kila wiki?" Alijaribu kutabasamu, mdomo ukamuuma. "Wewe unabomoa Jumanne, mimi najenga Jumatano. Sikuona taabu. Tangu theluji."

Nedra alimkodolea macho. Jumanne zote zile! Zile hadithi zake za mezani zote zilikuwa, kwa mtu huyu, taarifa ya kazi ya kesho.

"Kwa nini usiniambie, mume wangu? Neno moja tu!"

"Ungeacha Jumanne zako. Ungekaa nyumbani kunilinda kama chungu jikoni. Na ulikuwa unafurahi kweli, Nedra. Ile kengele ya mbuzi..." Akakohoa. "Nilitaka kuona kama bado naijua njia yangu."

"Na jana? Jana si ilikuwa Jumatano?"

Nedra aliona jambo likipita usoni mwa Thayne, jambo ambalo katika miaka arobaini na nne hakuwahi kuliona pale, nalo lilikuwa hofu.

"Nilidhani nimekuja," alisema. "Ningeapa nilikuja. Nakumbuka kabisa nimeyapanga."

Nedra akamshika mkono.

Alipopata nguvu kidogo walitoka, hatua kwa hatua, Thayne akiegemea bega lake, mpaka kituo cha saba, penye kivuli kikubwa zaidi. Mbali chini walisikia sauti ya Arvilla na mlio wa redio ya Benally. Kirundo kilichoinama kilikuwa bado kimesimama. Thayne alikiona, akatikisa kichwa.

"Nani kajenga kioja hiki? Kubwa linakaa chini, bwana. Msingi kwanza."

"Mimi."

"Basi ndiyo maana."

Nedra alicheka, cheko la kwanza tangu bandani, na moyo ukampungua uzito. Akaingiza mkono mfukoni. Kulikuwa na kijiwe cheupe kimoja; hakukumbuka alikiokota saa ngapi pale sakafuni bandani. Akamtilia Thayne kiganjani, akamkunjia vidole juu yake.

"Haya, fundi. Weka wewe."

Thayne alifungua kiganja. Alikigeuza kijiwe kwenye mwanga, akakipangusa kwa kidole gumba, akakitazama kwa muda mrefu, kwa adabu, kama mtu aliyepewa zawadi na mgeni.

"Kizuri," akasema. "Ni cha nini?"

Sauti za wale wawili zilikuwa zimekaribia. Nedra alimshika kifundo cha mkono, akauongoza mpaka juu ya kirundo, wakakiweka kijiwe pamoja.

"Cha kurudia nyumbani," akamwambia.