Mayai ya Darasa la Walinzi

Jumatatu asubuhi darasa la walinzi wapya liliendelea kama kawaida, ghorofa ya pili, juu ya kliniki ya meno, mtaa wa Oud Metha, Dubai. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo. Mkufunzi Zedekiya alisoma swali, akasoma na jibu lake, na darasa zima likarudia kwa sauti moja. Ndivyo walivyofundishwa tangu shule ya msingi, Masaka hadi Malindi, na walikuwa hodari kwelikweli.

"Kwa nini kampuni inawatunzia pasipoti zenu?"

"Kwa usalama wetu, sir!"

Nyuma kabisa alikaa mwalimu Mgiriki, marehemu wa miaka elfu mbili na ushei. Hakuwa na viatu. Mapokezi walikuwa wamempa beji ya mgeni, na kwa kuwa hakudai mshahara, kampuni haikuwa na neno naye.

"Kwetu walikuwako walimu waliouza majibu," alimwambia Zedekiya. "Walivaa vizuri kama wewe. Sisi wengine tuliona jibu limo ndani ya mwanafunzi, kazi ya mwalimu ni kumzalisha."

"Mzalishe tu, mzee, lakini mtihani ni Alhamisi. Yalla."

Mgiriki akamgeukia Teopista, binti wa Masaka aliyemwahidi mama yake kwamba mshahara wa Dubai utaiezeka nyumba. Asiyefaulu mtihani alirudishwa kwao.

"Umewahi kupoteza pasipoti, binti?"

"Mimi? Hata ufunguo sijawahi kupoteza."

"Basi inalindwa dhidi ya nani?"

Teopista akafikiri. Ilimchukua muda, kwa sababu safari hii hakukuwa na wa kumtangulia. "Dhidi yangu," akasema. "Ili nisiondoke."

Kiganja chake kikapata joto, na mkononi mkawa na yai, kubwa kuliko la bata. Mgiriki akalimulika dirishani, akasema lina uhai. Zedekiya akamwomba aliweke kikombeni lisije likabingirika.

Nasifu wa Mombasa, asiyependa kupitwa, akasema upesi maneno yaleyale. Yai lake likatoka jepesi, ndani upepo mtupu.

"Wallahi, mzee, si nimesema kama yeye?"

"Ndiyo sababu," akajibu Mgiriki.

Alhamisi Teopista aliingia ofisini kwa Madam Masuda, aliyesimamia mtihani wa mdomo. Akaulizwa swali la pasipoti. Jibu lililotakiwa alilijua. Angeweza kuliimba usingizini. Akaikumbuka nyumba ya mama yake, ambayo bado haijaezekwa. Kisha akajibu la kwake, kwa sauti iliyofika koridoni. Yai likatokea mezani na kuanguliwa papo hapo. Madam Masuda akamsogeza kifaranga kidogo apate mahali pa kuandika, akamfelisha.

"Ungesema tu ulivyofundishwa, khalas."

"Lile si langu, madam."

Mgiriki bado anakuja darasani. Mayai huteremshwa jikoni, ambako mpishi aitwaye Sikujua huyakaanga kwa vitunguu, na yenye upepo huyatupa.

Teopista aliondoka Jumapili. Uwanja wa ndege, mtu wa kampuni alimkabidhi pasipoti yake mkononi. Akaitia kwenye pochi, akafunga zipu, akaenda zake bila kugeuka. Waliofaulu, Nasifu akiwa wa kwanza wao, walianza kazi siku hiyohiyo. Pasipoti zao zimo kabatini, salama.