Ubavu wa Bihogo

Pale Munigi, kabla ya kuteremuka Goma, patro mumoja alijenga, kwa mawe meusi ya volkano, atelie ya kuchapa picha. Ndani aliweka machini ya chuma yenye gurudumu kubwa, na kwenye machini akamuweka Papa Habarurema. Kazi ya patro mwenyewe ilikuwa kuvaa kofia na kusema "upesi."

Habarurema alikuwa mutu wa kunung'unika. Muke wake alipougua, wakubwa walikatalia motokari ya kumupeleka kwa munganga, na tangu siku ya kumuzika hakuwa na neno zuri kwa mutu yeyote mwenye kofia. Lakini akishika gurudumu, moyo ulitulia. Na tangu Mama Perpétue Nyirarukundo ateremuke kutoka vilima vya Masisi na kisu chake, ulitulia zaidi. Mama alikata picha kwenye mbao, muzee alizichapa kwenye karatasi. Mama akikata mustari mwembamba, muzee alipunguza wino bila kuambiwa. Saa ya kula walikaa mulangoni na viazi vyao, wakasengenya wakubwa mpaka viazi vikaisha.

Sasa Mama Perpétue akakata picha ya Bihogo. Bihogo alikuwa ng'ombe wake, mwekundu wa kuiva, na doa jeupe ubavuni kushoto kama maziwa yaliyomwagika. Watu wa sindano ya serikali walikuja, wakasema ana ugonjwa, wakamupiga risasi. Za jirani zilizokuwa zinakohoa waliziacha. Mama hakubaki hata na ngozi. Basi alimukata polepole kwenye ubao wa muti wa musave, pembe, kope, mikunjo ya shingo, na kila akiinama alikuwa anaimba kidogo puani.

Siku ya kuchapa, Habarurema akapaka wino, akatandika karatasi, akazungusha. Karatasi ilikuwa pana, na nusu yake ilibaki tupu, maana patro alitaka nafasi ya kuandika maneno yake ya Kifaransa. Muzee akaifunua. Mama Perpétue akaangalia, akaangalia tena lile doa. Kisha akasema:

"Hii haiko Bihogo. Hii ni ng'ombe ya Grégoire."

Grégoire alikuwa jirani yake kule Masisi. Ng'ombe yake ilikuwa nyekundu vilevile, doa ubavuni kulia, na mwizi wa maharagi ya watu. Habarurema alijua kama machini inageuza kila kitu, kushoto kuwa kulia. Lakini mbao za kwanza zilikuwa migomba na vikapu, na mugomba ukigeuka, nani atajua? Hakuna aliyemuambia kama doa lina upande.

Patro akaitwa. Akasema ng'ombe ni ng'ombe, motokari ya Bukavu inangoja, picha iingie sandukuni, ubao mwingine hatoi. Akatoka.

Mama Perpétue akafunga kisu chake ndani ya kitambaa.

"Walimuua Bihogo," akasema, "sasa wanataka nisifu ile mwizi. Baki na amani, papa. Mimi narudi Masisi."

"Utakuja tena?"

"Kufanya nini?"

Habarurema akaona atelie imepanuka gafla, kama nyumba yake ilivyopanuka siku ile ya mazishi. Alitaka kusema kitu, lakini mama alikuwa ameshika ile karatasi, wino bado mubichi, akaikunja katikati na kuipiga ngumi juu ya meza. Muzee akamunyang'anya, akaikunjua haraka kuokoa kazi.

Kwenye ile nusu ya maneno ya patro alikuwa amesimama ng'ombe mwingine. Mwepesi kama moshi, anaangaliana na wa kwanza. Doa lake ubavuni kushoto.

Mama Perpétue akaisogelea. Akaweka kidole karibu na doa, bila kugusa.

"Amefifia," Habarurema akasema, kama mutu anayeomba musamaha.

"Mufu hawezi kuwa mweusi kama muzima. Ni yeye."

Wakachapa ingine, safari hii kwa adabu: muzee alikunja, mama akalainisha kwa kiganja, wakaipitisha chini ya gurudumu pamoja. Bihogo akatoka na kope zake zote. Kisha mama akafungua kitambaa, akatoa kisu, akakata karatasi palepale kwenye mukunjo.

"Hii nyeusi mupelekee patro," akasema. "Grégoire akisikia ng'ombe yake imeenda Bukavu kuangaliwa na wakubwa, ataiogesha na sabuni."

Habarurema akacheka mpaka akashika machini. Patro akapokea yake, akaisifu sana, akapanda motokari. Maneno yake ya Kifaransa hayakupata pa kukaa, na hakuuliza nusu ingine imeenda wapi.

Mama Perpétue akamutundika Bihogo karibu na dirisha, mahali mwanga unaingia. Akakaa kwenye kiti chake, kisu mukononi, akauliza kama musave umebaki. Habarurema akaenda kuutafuta mwenyewe nyuma ya nyumba, na njia yote, kwenda na kurudi, hakunung'unikia mutu.