Kitabu Kimoja, Pande Mbili

Fundi Lukumani alimsomesha binti yake Nyota nyumbani, penye cherehani, katika komini ya Tshopo, moja ya kata za mji. Mguu mmoja wa mtoto ulilegea baada ya homa ya utotoni, na shule ilikuwa mbali kwa mtu wa kutembea na fimbo. Lukumani mwenyewe hakumaliza shule ya msingi. Angekata tamaa mapema, kama si kituo cha Mama Germaine.

Kituo chenyewe kilikuwa baraza ya nyumba yake tu. Alikuwa mwalimu aliyestaafu. Serikali ilikuwa imemlazimisha achukue jina jipya la Kizaire, lakini mtaa mzima uliendelea kumwita Germaine. Kila Alhamisi wazazi waliosomesha watoto nyumbani walikuja kwake. Aliwaazima vitabu, akawaeleza somo la wiki, kisha akamsikiliza kila mtoto. Mzazi asiyejua kugawanya alifundishwa yeye kwanza, bila kuchekwa.

Mwaka huo direkta, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, alikubali kuwaandikisha watoto wa kituo kwenye mtihani wa darasa la sita pamoja na wanafunzi wake, mradi awasikie kwanza wakisoma. Bila mtihani huo, Nyota asingeingia sekondari.

Siku direkta alipokuja barazani, Nyota aliitwa wa kwanza. Akapewa kitabu cha Kifaransa, akakigeuza kichwa chini, akaanza kusoma.

“Ngoja kwanza!” direkta akacheka. “Mama Germaine, huyu mutoto hajue hata kitabu kinashikwa namna gani!”

“Acha asome, citoyen directeur.”

“Asome nini? Amekariri tu, kama kasuku.”

Akachomoa gazeti mfukoni. Nyota akaligeuza vilevile, akasoma habari ya meli iliyokwama mchangani karibu na Basoko, bila kusita hata kidogo.

Direkta akaacha kucheka. “Bon. Kusoma anajua. Lakini siku ya mutihani, inspecteur akiona karatasi iko kichwa chini, atasema mutoto anamuchezea, atamufukuza inje. Siwezi kumuandika hivi.”

“Wageuke wao,” Nyota akasema. “Mie nasoma.”

“Nyota!” Lukumani akamkemea. Kisha akamgeukia direkta. “Kosa ni yangu. Mie naikala huku na mashine, yeye anaikala kule mbele. Kitabu kiko kimoja. Kinaniangalia mie.”

“Miaka yote hiyo, papa?” direkta akamuuliza.

“Sasa nishone na mugongo?”

Mama Germaine alikuwa akiitazama meza yake mwenyewe. Watoto walikaa upande ule, yeye upande huu, na kitabu katikati. Akamwita binti wa Berthe, muuza samaki, akampa gazeti. Naye akaligeuza. Sefu, mtoto aliyefuata, alilisoma vizuri upande wowote aliopewa.

“Donc, kumbe na mie pia,” Mama Germaine akasema taratibu. “Tuliwafundisha kwa upande wetu.”

Direkta alikunja gazeti lake. “Nitarudi Pasaka ikipita. Akisoma kama watu wote, namuandika.”

Alhamisi iliyofuata meza ilikuwa imesukumwa ukutani, na kila mzazi akakaa benchi moja na mtoto wake. Nyumbani, Lukumani alifunika cherehani baada ya sala ya alasiri, akaketi ubavuni mwa binti yake. Wateja walinung’unika. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani: kwa upande ulio sawa, Nyota alisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, kidole juu ya kila neno, akalia kwa hasira.

“Papa, sasa nimekuwa mujinga?”

“Hapana. Unazoea. Soma tena.”

Direkta alirudi kama alivyoahidi. Lukumani alisubiri uani, maana safari hii direkta hakuruhusu mzazi kusimama karibu. Nyota alisoma polepole. Akakosea neno, akalirudia. Katikati ya ukurasa mikono yake ilianza kukizungusha kitabu. Akakinyoosha, akaendelea hadi mwisho.

“Anasoma polepole,” direkta akasema.

“Mutihani haiko mashindano ya baiskeli,” Mama Germaine akajibu.

Direkta akacheka, akatoa kalamu. “Jina lake lote ni nani?”

Nyota alikuwa bado anavuta pumzi. Aliyejibu ni Lukumani, kutoka uani, kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.